Kabla ya Kusimamisha Nguzo: Taa za Bustani Kongwe za Mombasa

Ukarabati wa bustani za mjini huharibika kwa namna ile ile: kazi inaanzia kwenye nguzo. Mkandarasi anafika na mlingoti wa mita 12, juu yake anafunga mataa manne ya nguvu yanayotazama pande nne, mwanga unamwagika hadi barabara ya pili, picha zinapigwa, hati ya kumaliza kazi inatiwa saini. Masika mawili hayajapita, taa moja imekufa, ya pili inawaka na kuzima yenyewe, na zilizobaki zinawatia watu kiwi hata anayekaa kwenye benchi hamtambui anayemjia. Wazee wa bao wamehama. Muuza kahawa ameipa taa mgongo.

Bustani ya kale haihitaji mwanga mwingi. Inahitaji mwanga mdogo uliowekwa mahali pake, na mahali pake wanapajua wanaokaa hapo kila jioni kuliko mchoraji wa ramani anayepita mara moja mchana. Nikiandika haya nazifikiria zaidi bustani za kisiwani zenye ukubwa wa Treasury Square: viwanja vilivyozungukwa na majengo ya enzi za ukoloni, miti mikubwa, sanamu ya mfanyabiashara Allidina Visram, na Fort Jesus hatua chache tu. Uhuru Gardens pale Moi Avenue, jirani na zile Pembe za Ndovu zilizosimamishwa mwaka 1952 kwa ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, ina mambo mengi yanayofanana. Mama Ngina, ambako Mashujaa Dei ya 2019 ilifanyika baada ya ukarabati mkubwa, ni bustani ya aina nyingine: iko wazi kwa bahari, ni ndefu, na hesabu zake za upepo na chumvi ni kali zaidi.

Kwa hesabu zote hapa chini tuchukue mfano wa bustani moja yenye njia za jumla ya mita 300.

Matembezi ya usiku

Kabla ya kuchora chochote, bustani itembewe gizani pamoja na wenyewe. Mombasa ina nafuu moja: mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano jioni, kwa hiyo hakuna msimu wa kungojea. Epuka tu usiku wa mwezi mpevu, maana utakudanganya. Panga usiku wa siku ya kazi na usiku wa Ijumaa au Jumamosi, na kila usiku tembea mara mbili: saa moja na nusu, watu wakiwa wengi, na saa tatu na nusu, wanapoanza kupungua.

Kikundi kimoja kisizidi watu wanane. Wakizidi hapo, wawili wanaongea na wengine wanafuata kama harusi. Mmoja ashike ramani kubwa ya karatasi inayoonyesha kila mti, benchi, lango, ngazi na mfuniko wa mtaro. Mmoja ashike kipima mwanga, kile cha mkononi chenye sensa yake, kwa sababu programu za simu hutofautiana mno kutoka simu moja hadi nyingine. Wengine kazi yao ni kusema.

Swali la kuuliza ndilo linaloamua matembezi yatazaa nini. Ukiuliza "Mnataka taa zaidi?" kila mtu atasema ndiyo, na hutakuwa umejifunza kitu. Uliza mambo ya miguu na saa. "Mama, ukishafunga meza yako ya viazi karai, unapitia wapi hadi kwenye tuktuk?" "Mzee, hapa barazani mnakaa hadi saa ngapi, na mnatazama upande gani?" "Dada, ni wapi unapoongeza hatua?" Hili la mwisho lina thamani kuliko mengine yote. Mahali ambapo wanawake watatu wasiojuana wameonyesha kwa kidole na kusema "hapa naharakisha" ndipo pa kuanzia, hata kama kipima mwanga kinasema pana mwanga wa kutosha. Mara nyingi tatizo la hapo si giza. Ni kichaka kilichofika kifuani, au ukuta unaoficha pembe, au lango la pili lililofungwa kwa kufuli miaka mingi kiasi kwamba ukiingia huna pa kutokea. Taa haitibu lango lililofungwa.

Kikao cha wanawake peke yao ni lazima. Baraza la pamoja, hata likiwa na nia njema, huishia wanaume kusimulia wizi wa simu, na yale ya kufuatwa na kuitwaitwa njiani hayasemwi mbele ya shemeji na baba mkwe. Baada ya Alasiri, mahali pa wazi, mwenye kuuliza awe mwanamke, nusu saa inatosha. Wapiga picha wa kulipwa, madereva wa tuktuk walio langoni, walinzi wa majengo ya jirani na mtu anayetumia kiti cha magurudumu nao wasikose. Mlinzi wa usiku hasa: yeye ndiye shahidi wa saa nane za usiku, saa ambazo hakuna kamati inayoziona.

Mwanga pima kwa njia mbili. Kwanza sensa ikiwa chini, ikitazama juu. Pili sensa ikiwa wima, kimo cha mita moja na nusu, ikimtazama mtembeaji. Kipimo cha kwanza kinakuambia kama mtu ataona shimo. Cha pili kinakuambia kama atauona uso. Nyaraka za zabuni huandika cha kwanza peke yake, na ndiyo sababu bustani nyingi zina sakafu inayong'aa na watu wasio na nyuso.

Ramani ikirudi itiwe alama za rangi tatu: wanapokaa watu, wanapoharakisha, na mahali panapotakiwa pabaki giza. Usiidharau rangi ya tatu. Mikungu na miembe mikubwa ya kisiwani hukaliwa na popo wala matunda. Kunguru nao hulala kwenye matawi hayo hayo. Mti ukimulikwa usiku kucha popo wanakimbia na kunguru wanapiga kelele hadi alfajiri. Kuna na wapangaji wa ghorofa zinazotazama bustani, ambao dirisha lao likiwa wazi kwa joto la Machi halina namna ya kujikinga na taa yako.

Kisheria, ushirikishaji wa wananchi si fadhila. Katiba ya 2010 inautaja katika kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeutengea sehemu yake nzima. Ila mkutano wa hoteli wenye daftari la mahudhurio na soda unaweza kutimiza sheria pasi na kubadilisha mchoro hata kwa mstari mmoja. Kipimo changu ni kimoja: je, ilibandikwa karatasi langoni, kwa Kiswahili, ikisema maoni gani yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa nini? Isipobandikwa, hakuna aliyeshirikishwa.

Kata matawi kwanza, nunua taa baadaye

Vichaka vya kando ya njia vishushwe hadi sentimita 70. Matawi ya chini yainuliwe hadi mita mbili na nusu kutoka ardhini. Kazi hii ya siku chache hufungua macho kuliko mlingoti wowote, na hupunguza idadi ya nguzo utakazonunua. Ifanywe na mkata miti anayejua anachokifanya. Mwembe wa miaka themanini haukatwi kwa panga la mchana mmoja. Na kamwe taa zisipigiliwe kwa misumari kwenye shina.

Sasa nguzo. Kwa njia ya upana wa mita tatu, nguzo za mita nne, zikiachana kwa mita 15 hivi, zinatosha. Kwa mita zetu 300 hizo ni nguzo 20. Kila kichwa kiwe na taa ya LED ya wati 25 inayotoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) 2,500 hadi 2,800. Ukitoa mwanga unaopotea pembeni na ule utakaoliwa na vumbi na chumvi, chini zitafika laksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 10 kwa wastani, nazo ni nyingi kwa kutembea. Kwenye ngazi na kwenye lango ongeza hadi 15 au 20. Usoni, kwa kipimo kile cha wima, ukipata laksi 3 hadi 5 mtu atamtambua anayemjia akiwa bado mbali.

Umbali kati ya nguzo uwe sawa kadiri miti itakavyoruhusu. Jicho halisumbuliwi na mwanga mdogo. Linasumbuliwa na kuingia na kutoka. Mtu anayetoka kwenye doa la laksi 60 akaingia kwenye laksi 1 ni kipofu kwa sekunde kadhaa, na hizo ndizo sekunde za mwizi. Hapo ndipo mataa makubwa ya juu yanapowakosea watu: yanatengeneza vivuli vyeusi nyuma ya kila shina, na anayesimama ndani ya kivuli anawaona wote ilhali hakuna anayemwona yeye.

Taa iwe ya kufunikwa juu, mwanga wote uelekee chini, na chembe za LED zisionekane kwa jicho ukisimama mita tano kutoka kwenye nguzo. Zile tufe nyeupe za plastiki zinazouzwa kama "taa za kizamani" hutupa sehemu kubwa ya mwanga wake angani na machoni. Ukilazimika kuwa na umbo la kale, kwa kuwa Treasury Square iliyosimamishiwa nguzo za kisasa kabisa itachusha, chagua fanusi ambayo LED yake imefichwa kwenye kofia ya juu na vioo vya pembeni ni vya sura tu.

Rangi ya mwanga ndiyo inayozusha ubishi mwingi, na jibu lake ni jepesi. Kelvini 2,700, isizidi 3,000: namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa ni mweupe wa kibuluu. Taa za kelvini 6,500 zimejaa madukani na ni za bei nafuu, lakini juu ya chokaa, matumbawe na mbao za mvule zinatoa rangi ya maiti, na zinavuta wadudu zaidi. Kwenye karatasi ya vipimo angalia pia kipimo cha uaminifu wa rangi: kisipungue 80. Chini ya hapo, kanga nyekundu inaonekana kahawia, na shahidi atakayeulizwa polisi mtu alivaa nini atakosea.

Mwananchi hawezi kuchagua kelvini mezani. Azima taa nne tofauti, zifunge juu ya mianzi ya mita nne, vuta umeme kutoka jengo la jirani kupitia swichi ya kinga ya miliampea 30 (ile inayokata umeme ukivuja), ziwashe jioni tatu mfululizo. Weka kahawa chungu na kashata. Tazama watu wanakwenda kukaa chini ya ipi. Hiyo ndiyo kura.

Sanamu na mapambo ya ujenzi yasimulikwe kutoka chini miguuni. Sura inageuka kinyago. Taa mbili ndogo za wati 10, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45, moja ikiwa hafifu kuliko nyingine ili uso uwe na kina. Zizimwe saa nne usiku. Ukuta wa zamani usitobolewe kwenye jiwe: toboa kwenye kiungo cha chokaa, na ukija kuziba, ziba kwa chokaa. Saruji juu ya matumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe huanza kumung'unyika kutoka ndani.

Taa za kuzikwa ardhini chini ya miti siziungi mkono kabisa katika mji huu. Hata zenye alama ya IP67 (IP ni daraja la kuzuia vumbi na maji) huingia maji, kwa kawaida kupitia kwenye waya wenyewe: kila jioni taa inapoa, hewa ndani inasinyaa, maji yananyonywa kati ya nyuzi za shaba kutoka kwenye kiungo kibovu hadi ndani ya kioo. Ukilazimishwa, chimba chini ya taa shimo la sentimita 30 lijae kokoto ili maji yapate pa kwenda, na kila kiungo kijazwe jeli.

Chumvi haina haraka

Hapa ndipo pesa za Mombasa zinapopotelea, na hapa inafaa kuwa mkaidi na muuzaji.

Chukua nguzo ya chuma iliyokaa miaka michache karibu na bahari, uiangalie pale inapokutana na zege. Juu rangi bado nzuri. Lakini kwenye kiungo kile, sentimita mbili tatu, utaona duara la kahawia. Ligonge kwa bisibisi na ganda linadondoka. Hapo maji ya mvua hutuama, vumbi la chumvi hukusanyika, mbwa hukojoa, na binadamu pia. Nguzo haianguki kwa sababu ya upepo wa kusi. Inaanguka kwa sababu ya huo mviringo, kusi inamalizia tu.

Dawa yake ni mambo matano kwa pamoja. Nguzo itumbukizwe kwenye zinki ya moto baada ya matundu yote kutobolewa, si kabla; kwa chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 tabaka la zinki liwe na wastani wa mikroni 70 au zaidi, na ukaguzi ufanywe kwa kifaa cha kupima unene kabla nguzo haijashushwa garini. Juu ya zinki ipakwe rangi ya poda ya daraja la baharini. Zege ipande sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi na iwe na mteremko wa kumwaga maji. Boliti zifunikwe kwa grisi na kofia. Mlango wa nguzo, ule wenye viungo vya waya ndani, uwe angalau nusu mita kutoka chini, maana Aprili maji husimama.

Skurubu za taa ziwe chuma cha pua cha daraja la 316. Daraja la 304 hupata madoa ya kutu haraka pwani, na skurubu za kawaida zilizopakwa zinki hudumu muda mfupi mno. Kuna mtego hapa: skurubu ya 316 ikigusa alumini moja kwa moja penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Weka washa za nailoni na mafuta ya kuzuia kuganda. Fundi atakayekuja kubadilisha draiva, kile kifaa kinachoilisha LED umeme, baada ya miaka mitano atakuombea dua.

Taa yenyewe iwe IP66 na isipungue IK08 kwa mapigo. Mahali watoto wanapocheza mpira, IK10. Kila nguzo iwe na kinga ya mshituko wa umeme ya kilovolti 10, na nyingine kwenye paneli kuu. Sisi wa Kenya tunaijua sababu: stima ikirudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo, na draiva ndiyo inayokufa, LED zikiwa bado nzima.

Mchanga wa zege na wa kufunikia kebo usitoke ufuoni. Chumvi yake inaanza kula boliti siku ileile.

Waya

Ukichimba kisiwani, hujui kama utakuta udongo wa mita moja au mwamba wa matumbawe kwa sentimita 30. Kwa hiyo chimba mashimo ya majaribio kila mita 20 kabla ya kutia bei. Mtaro wa kebo chini ya nyasi uwe sentimita 60: mchanga laini, kebo ya shaba yenye koti la nyaya za chuma, mchanga tena, kisha utepe wa rangi ya kuonya sentimita 30 kutoka juu. Pakiwa mwamba, pitisha kwenye bomba la chuma na uifunike kwa zege. Chini ya kivuli cha miti mashine isiingie. Chimba kwa mkono, na mzizi unaozidi milimita 25 usikatwe, upitie chini yake.

Karibu na Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 na ambayo iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011, mtaro wa kebo unaweza kukutana na msingi wa kale, vigae vya vyungu au mifupa. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inahusika. Andikia Makavazi kabla ya jembe la kwanza, na kwenye mkataba wa mkandarasi tia kifungu cha kusimamisha kazi bila faini kitu kikionekana. Bila kifungu hicho, vibarua watafukia haraka, na huwezi kuwalaumu.

Hesabu ya unene wa waya: taa 20 za wati 25 ni wati 500, sawa na ampea 2.1 hivi kwa volti 240; kwa kuwa draiva huvuta mkondo kidogo zaidi ya wati zake, hesabu 2.3. Kebo ya milimita mraba 4 kwa urefu wa mita 300, mzigo ukiwa umegawanyika sawasawa, hupoteza volti 4 na kidogo, chini ya asilimia 2. Ya milimita 1.5 ingepoteza zaidi ya 10. Muuzaji atakwambia, kwa haki, kwamba draiva nyingi zinastahimili volti 100 hadi 277 na taa hazitafifia. Tatizo si kufifia. Waya mwembamba na mrefu una ukinzani mkubwa, na hitilafu ikitokea kwenye nguzo ya mwisho mkondo hautatosha kuikata swichi upesi. Nguzo inabaki na umeme, na mtoto anaishika. Kipimo cha ukinzani wa mzunguko wa hitilafu kifanywe kwenye nguzo ya mwisho, siyo ya kwanza iliyo karibu na paneli. Matumbawe makavu ni mabaya kwa waya wa ardhi: fimbo moja ya shaba haitoshi mara nyingi, zikutanishe kadhaa na upime.

Usiziweke taa zote kwenye swichi moja ya kinga. Draiva moja huvujisha hadi miliampea 0.7 kwa kawaida yake. Ishirini ni 14, na swichi ya 30 ina haki ya kukatika kuanzia 15. Mvua kidogo tu na bustani nzima ni giza, kisha fundi aliyechoka kuitwa usiku anaiondoa kinga kabisa. Gawanya mara mbili: nguzo za witiri mzunguko mmoja, za shufwa mzunguko mwingine. Mmoja ukikatika, kila nguzo ya pili inabaki inawaka.

Na wachuuzi wapewe soketi. Usiku wa Idi, penye mishkaki na michezo ya watoto, mtu atafungua mlango wa nguzo na kuunga waya. Hilo halina mjadala. Sanduku moja la kufungwa kwa kufuli, soketi mbili au tatu za kuzuia maji zenye mita na kinga yake, ufunguo kwa kiongozi wa wachuuzi, ni rahisi kuliko kuungua kwa kebo yote.

Sola? Kwa njia zilizo wazi, inawezekana; chini ya miti, hapana. Taa ya wati 25 kwa saa 12 inakula wati-saa 300 kila usiku. Betri ya siku mbili bila jua, isiyoshushwa chini ya asilimia 20, ni wati-saa 750. Kwa hesabu ya tahadhari ya saa nne za jua kamili wakati wa masika, ukiongeza cha kufidia upotevu, paneli iwe wati 110 hivi. Ukiona taa ya sola imeandikwa "wati 300" na paneli yake ni ukubwa wa sinia, hesabu umeshaifanya.

Ratiba

Wati 500 za njia na 200 za miti, ngazi na sanamu, hata zikihesabiwa zote kwa saa 12, ni uniti 8.4 kwa usiku. Mataa manne ya wati 400 juu ya mlingoti mmoja yangekula 19.2. Draiva zenye kipunguza mwanga zishushwe hadi asilimia 40 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri na utaokoa robo nyingine. Zishuke taratibu kwa dakika tano, zisikatike ghafla. Mwanga ukipungua kwa mpigo watu huingiwa na hofu.

Ratiba moja ya mwaka mzima haifai Mombasa. Mwezi wa Ramadhani, watu wakitoka tarawehe ndipo bustani inapojaa: familia, watoto, mabuyu, uji, hadi karibu na daku. Kupunguza mwanga kuanze saa nane usiku badala ya saa sita, na wanaofunga safari ya daku waachiwe njia ya langoni ikiwa kamili. Hili lipangwe kwenye kidhibiti mapema, na mwenye uwezo wa kulibadilisha awe mtu aliye mjini, kwa kuwa mwezi huandama bila kuuliza kandarasi. Sensa ya mwanga peke yake haina akili hiyo. Inahitaji taima ya pamoja nayo.

Nguzo zote zipakwe namba kubwa kwa rangi. Malalamiko ya "taa ya kule kwa muuza madafu imezima" hayafiki kwa fundi. "Namba 14 imezima" yanafika, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Nunua mwanzoni taa mbili za ziada na draiva nne za ziada, zile zile, za kundi lile lile, na ziandikwe kwa jina la bustani, la sivyo zitahamia kwenye ofisi ya mtu. Vioo vioshwe kwa maji baridi ya kawaida na sifongo kila miezi mitatu, na mara moja zaidi kusi inapotulia. Mashine ya maji ya kasi isitumike. Inapenya kwenye mipira ya kuzibia.

Miezi mitatu baada ya kuwasha, rudini matembezi yale yale, watu wale wale, ramani ile ile, na kipima mwanga. Asilimia 10 ya malipo ya mkandarasi izuiliwe hadi siku hiyo. Kwa kawaida vichwa viwili vitatu vinahitaji kuzungushwa kidogo kwa sababu vinaingia dirishani mwa mtu, benchi moja itakuwa imehamishwa na watumiaji wenyewe, na mahali pamoja palipotiwa alama ya kuharakisha patakuwa bado panaharakishiwa. Pale msiongeze taa. Muulize tena yule dada anaona nini.